Historia ya Kiwanja Kabla ya Kuchimba Msingi

Tathmini ya hatari katika kiwanja cha shule, yaani uchunguzi wa mambo yanayoweza kuwadhuru watoto, huanzia kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye udongo, kwa kuwa hatari iliyo kubwa mara nyingi ni ile iliyokwisha kufukiwa na kuota nyasi juu yake. Huko Love Canal, katika mji wa Niagara Falls nchini Marekani, kampuni ya Hooker ilizika takriban tani 20,000 za taka za kemikali kati ya 1942 na 1953, ikazifunika kwa udongo wa mfinyanzi, kisha ikaiuzia bodi ya elimu eneo hilo kwa dola 1. Bodi haikufichwa jambo, kwani hati ya mauzo ilizitaja taka hizo na kuiondolea kampuni dhamana ya madhara yake. Mwaka 1954 mafundi waliokuwa wakijenga shule hapo walifukua mapipa ya taka hizo, lakini jengo likasogezwa mita zipatazo 25 tu na kazi ikaendelea. Shule ilifungwa 1978, wazazi walipopaza sauti, akiwemo Lois Gibbs ambaye mwanawe alisoma hapo.

Mchunguzi, basi, hana budi kufuatilia wamiliki wote wa awali, kulinganisha ramani na picha za zamani zilizopigwa kutoka angani, na kuwauliza wazee wa mtaa ni nini kiliwahi kutupwa au kuchimbwa pale, na mafuriko hufika wapi. Hapo ndipo atembee kiwanjani, akitazama kwa makini mahali ambapo nyasi zimekataa kuota, udongo unaonuka mafuta na shimo lililojazwa kifusi, na hapo hasa ndipo achukue sampuli za kupimwa maabara, si mahali palipo rahisi kuchimba.

Majirani wa kiwanja nao wahesabiwe: viwanda, mabomba ya gesi, nyaya za umeme wa msongo mkubwa na reli. California hudai uchunguzi maalumu pale kiwanja kinapokuwa ndani ya futi 1,500, yaani mita 450 hivi, kutoka njia ya reli.

Ripoti itakayoandikwa imtaje kwa cheo mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha uchimbaji siku hiyohiyo kitu kisichotarajiwa kinapofukuliwa, na mtu huyo asiwe mkandarasi, ambaye kila siku ya kusubiri humgharimu fedha.