Jina Moja, Mimea Mingi: Somo Kutoka Familia ya Asta



Ndugu zangu wanafunzi, sisi tunaosoma elimu ya Hadithi tunajua kwamba jina peke yake halitoshi. Wapokezi wawili wanaweza kuitwa jina moja, hata baba zao wakaitwa jina moja, ilhali mmoja ni wa kuaminika na mwingine ni dhaifu. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria (1071), aliandika kitabu kizima juu ya watu wa namna hiyo, al-Muttafiq wal-Muftariq. Mimea inayotuzunguka hapa Gisenyi inahitaji uangalifu uleule.

1. Alama zake

Asta ni neno la Kigiriki lenye maana ya nyota, na limetokana na umbo la ua. Familia yake, Asteraceae, ina spishi zaidi ya 20,000 duniani. Alama yake kuu ni hii: tunachokiita ua moja ni kichwa chenye viua vingi vidogo vilivyokaa pamoja juu ya kitako kimoja.

Chukua kishona nguo, yaani inyabarasanya, Bidens pilosa. Sehemu ya njano ya katikati ni viua vingi vyenye umbo la mrija. Vile vyeupe vya pembeni, vikiwepo, si petali: kila kimoja ni kiua. Kila kiua cha katikati hutoa tunda jembamba lenye mbegu moja, na miiba ya tunda hilo ndiyo inayonasa kwenye kanzu zetu. Umubirizi nao hauna viua vya pembeni. Vyote ni vya mrija.

2. Makazi yake

Kishona nguo, ambacho asili yake ni Amerika, hupenda kando ya njia na udongo uliolimwa. Pareto, iliyotoka pwani ya Bahari ya Adriatic, hulimwa kwenye ardhi yenye baridi chini ya volkeno zetu. Juu zaidi, katika mlima Karisimbi wenye mita 4,507, huota Dendrosenecio, ndugu wa familia hiyohiyo lakini mwenye umbo la mti. Majani yake yaliyokauka hayadondoki. Hulizunguka shina na kulikinga na baridi ya usiku.

3. Uainishaji wake

Wataalamu hupanga mimea kwa familia, jenasi na spishi, na hurekebisha mpangilio huo ushahidi unapoongezeka. Mwaka 1994 Guy Nesom alihamisha karibu asta zote za Amerika Kaskazini kutoka jenasi Aster, nyingi zikaingia Symphyotrichum. Miti ile ya Karisimbi ilihesabiwa katika jenasi Senecio hadi ilipotengwa mwaka 1978. Umubirizi, uliojulikana kama Vernonia amygdalina, sasa huitwa pia Gymnanthemum amygdalinum. Anayetafuta maktabani kwa jina moja tu atakosa nusu ya habari.

4. Faida ya somo

Watu wetu hunywa umubirizi kama dawa. Katika familia hiyohiyo kuna spishi za Senecio zenye sumu inayoharibu ini. Kwa hiyo anayekuletea majani na kusema "hii ni dawa", muulize kama tunavyouliza juu ya isnadi: Ni mmea upi? Unaitwaje kwa Kinyarwanda, na jina lake la kisayansi ni lipi? Nani ameutambua, na ameutambua kwa alama gani? Ibn al-Baytar, aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya majina ya mimea kwa Kiarabu, Kigiriki na Kiberiberi, kwa sababu mgonjwa huweza kudhurika kwa kukosea jina.

Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 31, inatueleza kuwa Adam (a.s.) alifundishwa majina. Nami naona kulijua jina sawasawa ni amana.

Zoezi: chuma kichwa kimoja cha kishona nguo, kipasue katikati, uhesabu viua vyake.

Wabillahi tawfiq.