Mhasibu aitwe kabla andiko halijatumwa

Sehemu kubwa ya utafiti katika vyuo vikuu vya Tanzania huendeshwa kwa fedha za wafadhili wa nje. Mtafiti mkuu ndiye anayejulikana. Anayelinda kila shilingi hadi taarifa ya mwisho ni mhasibu wa miradi. Hapa mhasibu mmoja wa miradi anajibu maswali ambayo watafiti na wahasibu wapya huuliza mara nyingi.

Kazi yako huanza lini?

Ingepaswa kuanza siku andiko la kuomba ruzuku linapoandikwa. Mara nyingi naitwa mkataba ukishasainiwa, na hapo nakuta mpango wa kazi una safari sita za uwandani huku bajeti ina mafuta ya safari tatu. Dereva hana posho. Ada za kibali na za mapitio ya maadili hazimo, wala gharama ya kusafirisha sampuli hadi maabara. Mtafiti hufidia kwa kupunguza kaya za kuhojiwa. Kaya zikipungua, matokeo yanapoteza nguvu, na makala ikifika kwa wahakiki inarudishwa. Ndiyo maana nasema bajeti ni sehemu ya sayansi yenyewe. Anayeipanga usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ameshaudhoofisha utafiti wake.

Watafiti wanalalamika kwamba chuo kinawakata asilimia. Wana haki?

Wana haki ya kuuliza zinakwenda wapi, na chuo kina wajibu wa kuwaonyesha. Lakini umeme wa maabara, intaneti, ulinzi, ofisi ya manunuzi na mshahara wangu mimi havimo kwenye kasma za mradi. Hulipiwa na asilimia hiyo, yaani fungu la gharama za uendeshaji. Kwa miaka mingi Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zimetoa 8% tu kwa taasisi za nje ya nchi hiyo, bila kuhesabu bei ya vifaa vikubwa, ilhali vyuo vingi vikubwa vya kwao hukubaliana na serikali yao viwango vinavyopita 50%. Mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya hutoa 25%. Kwenye gharama za moja kwa moja za dola 100,000, tofauti ya 8% na 25% ni dola 17,000. Hiyo ni jenereta, au ni mtunza kumbukumbu wa mwaka mzima. Ugomvi wa kweli ni huo wa viwango, na vyuo vyetu vingefaa kuusimamia pamoja mbele ya wafadhili badala ya watafiti kugombana na bursa.

Uwandani hakuna risiti. Mtafiti afanye nini?

Hapa ndipo watu waaminifu wanapoumia. Mtumbwi wa kwenda kisiwani Ukerewe hauna mashine ya risiti ya EFD, wala bodaboda, wala mama anayewapikia wadadisi chakula. Mtafiti anarudi, muda wa kurejesha masurufu unapita, na mwakani inakuja hoja ya ukaguzi yenye jina lake. Masurufu yasiyorejeshwa kwa kawaida hukatwa kwenye mshahara.

Dawa yake iko kabla ya safari. Muulize mfadhili kwa maandishi atakubali ushahidi gani pale ambapo risiti haipatikani, kisha uchapishe fomu: jina la mlipwaji, kazi aliyofanya, tarehe, kiasi, namba ya simu, sahihi au dole gumba, na shahidi, mfano mwenyekiti wa kitongoji. Washiriki wa utafiti wakilipwa kwa simu ni bora zaidi, kwa sababu muamala unaacha kumbukumbu. Ila hakikisheni kwanza ada ya kutolea imo kwenye bajeti. Si haki mwanakijiji aahidiwe shilingi 10,000 akapata pungufu. Na majina ya washiriki yasiambatanishwe na hati zinazozunguka ofisini, hasa katika utafiti wa VVU au afya ya akili. Tumieni namba, orodha ya majina ifungiwe.

Mtu mmoja anaweza kulipwa na miradi mingapi?

Mingi, ilimradi jumla ya muda wake isizidi 100%. Mhadhiri mwenye 40% huku, 40% kule na 50% kwingine ameandika uongo, hata kama hakukusudia. Karatasi za muda wa kazi zijazwe kila mwezi. Zikijazwa zote siku moja kwa kalamu moja, mkaguzi huzitambua kabla hajaketi.

Tofauti ya mwaka wa fedha inasumbua kweli?

Sana. Wetu huisha tarehe 30 Juni, wa serikali ya Marekani tarehe 30 Septemba, na mifumo ya malipo ya serikali hufungwa mwaka unapoishia. Msimu wa mbu haungoji. Ombi la vifaa vya uwandani lipelekeni mapema, kwa sababu manunuzi yana hatua ambazo hazirukwi.

Mfadhili akisitisha fedha ghafla?

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wadadisi wengi wenye mikataba ya mradi walijikuta hawana kazi. Siku barua inapofika, simamisheni ahadi mpya, orodhesheni madeni yaliyokwishaiva, na ombeni kwa maandishi gharama za kufunga: notisi za wafanyakazi, usalama wa sampuli, na matibabu ya washiriki walio katikati ya dozi. Hilo la mwisho nalipigania kuliko mengine yote. Nyaraka msizitupe; masharti ya kawaida ya ruzuku za serikali ya Marekani yanataka zitunzwe miaka 3 baada ya taarifa ya mwisho ya fedha.

Mhasibu kijana anayehamishiwa kitengo cha miradi aanzie wapi?

Cheti cha uhasibu cha CPA atakihitaji. Lakini wiki ya kwanza asome mkataba wa ruzuku wote pamoja na viambatisho, kisha aombe kupanda gari la utafiti aende uwandani.