MDIRIA ASIYEVUA SAMAKI

Kuna jina moja la Kifaransa linalotudanganya: martin-pêcheur, yaani Martin mvuvi. Kwa Kiswahili ndiye mdiria. Ninyi muliofika Sake, kando ya ziwa Kivu, munamjua yule mweusi na mweupe. Anasimama hewani juu ya maji akipigapiga mabawa, kisha anajitupa chini na kutoka na samaki. Huyo ni mvuvi kweli.

Lakini tushuke mpaka mapori ya Walikale. Mule, chini ya miti mikubwa, kunaishi mdiria mwingine, mdogo kupita wadiria wote wa dunia. Mtaalamu John Cassin wa Philadelphia, Marekani, alimwandika mwaka 1856. Urefu wake ni santimeta 10 hivi, na uzito gramu 10 hivi: shika mkononi karatasi 2 za kuchapia gazeti letu, ndio yeye mzima. (Sasa yule anayempiga kwa manati atakula nini?) Kichwa na tumbo ni rangi ya machungwa, paji jeusi, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu wenye ncha bapa, sawa vile umekatwa kwa kisu. Chakula chake ni vidudu, mara nyingine chura mdogo.

Ile buluu isikudanganye pia. Ndani ya nyoya hamna rangi ya buluu kama wino ulivyo ndani ya kalamu. Nyoya limejengwa kwa namna ya kurudisha nuru ya buluu tu. Ukilisaga, buluu inapotea.

Huko Asia, toka Uhindi mpaka Borneo, iko ndugu yake mwenye manjano, buluu na zambarau. Naye ni mdogo, anakaa porini kwenye kivuli, na vidudu ni chakula chake.

Mdiria anataga mayai meupe ndani ya shimo la udongo, kwa hiyo watoto wanaochimbua mashimo ya kingo wanaharibu uzazi wake. Kukata miti ni kubaya kupita hapo. Mvuvi wa Sake akiwa na maji na samaki, anaishi. Huyu wa Walikale anataka kivuli: mukifyeka pori, mto Lowa utaendelea kupita palepale, lakini yeye hatakuwapo. Kwenye milima ya Masisi iliyogeuka malisho ya ng’ombe, musimtafute. Mukienda Walikale, muingie porini asubuhi, munyamaze, muangalie vijiti vya chini.