Mas'ala ya Jino na Bima ya Lazima

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliacha kuwalazimisha umma wake mswaki kwa kila Sala kwa kuchelea wasipate mashaka. Na mswaki si ila kijiti cha kukatwa mtini. Basi lifanywapo la lazima jambo lenye gharama ya fedha, yafaa litazamwe vema.

Tarehe 2 Novemba 2023 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na kwa sheria hiyo kila mkaazi wa Bara yampasa kuwa na bima. Muswada wa 2022 ulikuwa mkali: ulitaka asiye na bima azuiliwe leseni ya udereva na ya biashara, hata mwanafunzi asiandikishwe kidato cha tano. Watu walilalamika, na haki walikuwa nayo.

Jino ladhihirisha mas'ala haya kuliko maradhi mengine. Haliozi siku moja. Huanza tundu dogo, na tundu huzibwa kwa gharama ndogo. Lakini asiye na fedha hutia karafuu, hutafuna upande mmoja, akangoja hata shavu livimbe, kisha huenda kung'olewa. Wako wasemao kuwa jino si ajali, ni jambo la kutazamiwa, basi kila mtu na ajiwekee akiba. Neno hili ni zuri kwa mwenye cha kuweka.

Mfanya kazi wa mkonge wa Korogwe apataye mshahara aweza kukatwa kila mwezi, kama wakatwavyo watumishi wa Serikali asilimia 3 na mwajiri akatoa 3. Mkulima wa Handeni hana mwisho wa mwezi. Fedha yake ni mahindi, na mahindi ni mvua. Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria 2001, ulikuwa wa hiari; lakini katika hiari mzima hungoja, mgonjwa ndiye hukimbilia, na mfuko wa wagonjwa peke yao haukai. Hii ndiyo hoja yenye nguvu ya wanaotaka lazima.

Ama katika sharia, Baraza la Fiqhi lililokutana Jidda mwaka 1985 liliharimisha bima ya biashara kwa sababu ya gharari, likajuzisha ya kusaidiana, ambayo mtoaji hutoa kwa tabarrui. Hapa huulizwa: tabarrui ya kulazimishwa ni tabarrui gani? Swali ni la haki, na jawabu haipatikani katika mlango wa hiba. Imamu Ghazali na Imamu Shatibi wamejuzisha mtawala kuwatoza matajiri pindi hazina isipotosha haja ya watu, kwa sharti ya uadilifu na ya kutumia fedha mahali pake. Basi lazima hufuata mali; na mali isipokuwapo, hakuna wa kulazimishwa.

Sheria yenyewe yasema asiyeweza atalipiwa, na miongoni mwa mapato yaliyotajwa ni ushuru wa soda, wa pombe na wa michezo ya kubahatisha. Ushuru wa soda kutibu meno ni haki yake! Wa pombe na kamari wawatia watu shaka. Lakini Ghazali ameeleza kuwa mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe hupewa mafakiri, na kwa fakiri ni halali. Dhambi ni ya aliyeichuma.

Lililobaki ni kumjua asiyeweza. Aliyevuna magunia mwaka jana Handeni huenda mwaka huu hana hata mbegu, na daftari lililoandikwa mara moja halitamwona. Yafaa majina yatazamwe kila baada ya mavuno, na watakaoulizwa wawe jirani zake na wasimamao naye katika safu, kwani hao ndio wajuao ni nani aliyefunga shavu kwa kitambaa tangu mwezi uliopita.