Somo: Mbegu ya Samaki, Bwawani na Mtoni



Ufugaji wa samaki si jambo geni kwetu. Majaribio ya kufuga perege hapa nchini yalianza mwaka 1949 huko Korogwe, chini ya milima yetu ya Usambara, na Malya mkoani Mwanza. Kamati inayochimba bwawa huwaza maji, mbolea na chakula. Katika somo hili tunaangalia jambo lisiloonekana kwa macho: mbegu yenyewe.

Kwa nini wa bwawani hupungukiwa

Samaki hurithi vinasaba kutoka kwa baba na mama. Mtoni, penye samaki maelfu, vinasaba huwa vya namna nyingi: wengine huvumilia baridi, wengine ugonjwa, wengine hukua upesi. Wataalamu hukata kipande kidogo cha pezi, husoma vinasaba vyake, kisha hulinganisha wa mtoni na wa bwawani. Mara nyingi wa bwawani huonekana wana namna chache zaidi.

Sababu ya kwanza ni kwamba bwawa huanza na samaki wachache, na kile ambacho hawakuja nacho, watoto wao hawatakipata. Sababu ya pili ni uhaba wa madume. Tufanye hesabu: zidisha madume kwa majike, kisha kwa 4, halafu gawanya kwa jumla yao. Madume 2 na majike 20 hutupa 160 gawanya kwa 22, yaani kama 7. Kwa upande wa urithi, samaki hao 22 ni sawa na 7 tu! Lakini madume 11 na majike 11 hubaki 22 kamili.

Kila mfugaji wa kuku anajua kwamba jogoo hubadilishwa, asije akapanda binti zake. Kwa samaki ni vivyo hivyo. Ndugu wakizaana vizazi kadhaa, vifaranga huweza kudumaa, kuwa na vilema au kufa wakiwa wachanga.

Mto ni ghala letu

Maji ya Soni hushuka Mombo, huingia Mkomazi, kisha Pangani. Bonde hilo lina perege wake wa asili. Mwaka 1955 mtaalamu Rosemary Lowe aliwapa majina ya kisayansi wawili kati yao, perege wa Korogwe na perege wa Ziwa Jipe. Sato si mwenyeji wa bonde hili. Aliletwa kwa ajili ya ufugaji na uvuvi. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2019 ulikuta machotara wa sato na perege hao wawili. Habari njema ni kwamba machotara walikuwa wachache kuliko perege halisi. Basi ghala bado lina mbegu, ila mlango umeanza kufunguka. Mbegu ya asili ikichanganyika yote, hakuna kituo kitakachoweza kuirudisha.

Tufanye nini?

1. Tusiendelee mwaka hadi mwaka na vifaranga wa bwawa lile lile. Tuwapate kutoka kituo kinachojua asili ya wazazi wao.
2. Tusitegemee dume mmoja au wawili kuzalisha bwawa zima.
3. Tufunge wavu wa matundu madogo penye njia ya kutolea maji, wala tusichimbe bwawa panapofikiwa na mafuriko.
4. Vifaranga wanaobaki wasimwagwe mtoni kamwe, hata kwa nia njema.

Kwa wahisani wetu: bajeti ya bwawa isiishie kwenye kuchimba. Wavu na mbegu mpya baada ya miaka michache ni gharama ndogo, lakini bila hizo bwawa huweza kubaki na maji mengi na samaki wadogo.

Maswali ya kujadili katika kamati

- Vifaranga wetu walitoka wapi, na wazazi wao walikuwa wangapi?
- Maji ya bwawa letu huishia mto gani?
- Wazee wanakumbuka samaki gani wa mtoni ambao leo hawaonekani?