Chopa Iliyostaafu Inavyogeuka Mwalimu: Somo la Kujenga Simuleta ya Helikopta

Tarehe 26 Januari 2020 helikopta aina ya Sikorsky S-76B ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, California. Watu wote 9 waliokuwemo walikufa, akiwemo Kobe Bryant na binti yake. Wengi tunaikumbuka siku ile kwa sababu ya Kobe, lakini wachache tuliisoma ripoti iliyotoka mwaka uliofuata. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilisema rubani aliyekuwa akiruka kwa kutegemea macho aliendelea mpaka akaingia mawinguni, akapoteza hisia ya juu ni wapi na chini ni wapi. Bodi ikapendekeza, pamoja na mengine, zichunguzwe teknolojia za kuigiza hali hiyo, ili ijulikane ni zipi zinamfundisha rubani kuitambua mapema.

Hapo ndipo penye swali la somo letu. Unamfundishaje mtu jambo ambalo likimtokea kweli huenda asirudi kusimulia?

Jibu la kwanza lilitoka kiwandani kwa watengeneza vinanda. Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, New York, alitumia viriba na pampu za hewa za vinanda vya baba yake kujenga kindege kidogo kinachoinama na kugeuka bila kuondoka sakafuni. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wakafa kwenye ukungu na giza, ndipo likanunua mashine 6 za Link. Tangu hapo simuleta haikuonekana tena kuwa mchezo wa watoto.

Huku kwetu chopa tunaizoea zaidi msimu wa kampeni, inapotua uwanja wa shule na vumbi kutupiga machoni. Lakini kuna marubani wanaoshusha wagonjwa kutoka Kilimanjaro na wanaoruka Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na nguvu ya ziada ni ndogo. Hao wanahitaji mahali pa kukosea bila kufa.

Kwa nini mwili wa ndege halisi?

Unaweza kujenga kokpiti ya mbao, wengi wameanza hivyo. Lakini mkono wa rubani una kumbukumbu yake. Swichi ikiwa sentimita 10 kulia kuliko ilivyo kwenye ndege, mkono utajifunza kwenda mahali pasipo na kitu.

Helikopta nayo haizeeki kwa mkupuo. Bleidi, mhimili wa rota na viungo vingine muhimu vina umri unaohesabiwa kwa saa za kuruka, na saa zikiisha ni lazima vibadilishwe hata kama vinaonekana vizima. Gharama ya kuvibadilisha ikizidi thamani ya ndege, mwenyewe anaiegesha. Sisi hatuhitaji bleidi wala injini. Tunahitaji pua ya ndege: viti, sakafu, dashibodi, pedali na wenzo zake.

Tuchukue mfano wa Bell 206 JetRanger, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1966 na kutengenezwa kwa maelfu. Ukiipata iliyostaafu, usikimbilie msumeno. Kwanza ifutwe kwenye daftari la usajili wa ndege (kwa Tanzania ni TCAA, kwa Kenya ni KCAA). Pili, vipuri vilivyokwisha muda viharibiwe kabisa au vitiwe alama isiyofutika. Bleidi iliyochoka ikipigwa rangi mpya inaweza kumfikia mnunuzi asiyejua, ikarudi angani. Tatu, toa mafuta yote, betri na mitungi ya kuzimia moto. Nne, geji za zamani sana zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani, kwa hiyo usifungue geji ya zamani kabla haijapimwa mionzi. Tanzania tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki kwa kazi hiyo.

Mikono na miguu

Rubani wa helikopta ana vidhibiti vitatu vikuu. Mkono wa kushoto unashika kolektivu, wenzo unaobadili pembe ya bleidi zote kwa pamoja ili ndege ipande au ishuke. Mkono wa kulia unashika saikliki, inayoinamisha duara la rota mbele, nyuma au pembeni. Miguu inakanyaga pedali za rota ya mkia, inayoizuia ndege isizunguke kinyume na rota kuu.

Kazi ya kwanza ni kupima mahali kila kidhibiti kilipo na kuiambia kompyuta. Tuseme ncha ya saikliki inatembea sentimita 30 kutoka mwisho hadi mwisho. Ukifunga potenshiomita kwenye ubao wa Arduino Uno, ubao huo unagawa voltiji katika hatua 1,024. Lakini wenzo unaizungusha potenshiomita robo tu ya uwezo wake, kwa hiyo unabaki na hatua 256. Gawa milimita 300 kwa 256, unapata zaidi ya milimita 1 kwa kila hatua. Ni ndogo? Rubani anayening'inia hewani karibu na ardhi anasogeza saikliki kwa milimita chache tu, kwa hiyo ndege yako itaruka kwa kushtuka-shtuka. Weka enkoda ya sumaku ya biti 14, yenye hatua 16,384. Robo yake ni 4,096, na sasa kila hatua ni chini ya milimita 0.1. Hapo unaweza kuanza kuongea na rubani.

Kazi ya pili ni ngumu zaidi: hisia ya mkono. Kijiti cha mchezo wa kompyuta kina springi, ukikiachia kinarudi katikati chenyewe. Saikliki ya JetRanger ya kawaida hairudi. Mitambo mitatu ya haidroliki inabeba mzigo wa rota, rubani anasikia wepesi na msuguano aliouweka mwenyewe. Akiiachia bila msuguano, inaanguka upande. Mwanafunzi aliyezoea springi siku ya kweli ataachia wenzo akidhani utarudi. Walimu wa urubani huita hali hii mafunzo hasi, mtu anatoka darasani akiwa hatari kuliko alivyoingia. Kwa hiyo toa springi, acha msuguano. Bajeti ikiruhusu, funga mota za umeme zinazoweza pia kuigiza haidroliki ikifa ghafla, wakati wenzo unapokuwa mzito na kupigana na mkono.

Geji

Geji za zamani hazizungumzi lugha moja. Ya joto la gesi ya injini inasoma umeme wa themokapo, ambao kwa nyuzi joto 700 haufiki hata milivolti 30. Ya nguvu ya injini inasoma shinikizo la oili lililoletwa na bomba hadi kwenye dashibodi. Ya mizunguko inapokea umeme wa awamu 3 kutoka kwenye jenereta ndogo. Una njia mbili: kuidanganya kila geji kwa lugha yake, au kutoa matumbo yake, kubaki na uso na mshale, na kufunga ndani mota ndogo ya hatua inayoamrishwa na kompyuta. Wengi huchagua njia ya pili. Swichi na taa zenyewe ziache kama zilivyo. JetRanger inatumia umeme wa volti 28 mkondo mnyoofu, kwa hiyo tenganisha njia hiyo na njia ya vibao vya kompyuta vya volti 5, la sivyo utavipika siku ya kwanza.

Ubongo

Sasa tunafika kwenye modeli, yaani hesabu inayosema ndege itafanya nini. Njia moja inayotumika, hata kwenye programu ya X-Plane, ni kuikata bleidi katika vipande, kukokotoa kani ya kila kipande, kisha kujumlisha.

Angalia kwa nini vipande vinahitajika. Rota ya JetRanger inazunguka mara 394 kwa dakika na nusu kipenyo chake ni mita 5.08. Ncha ya bleidi inakwenda karibu mita 210 kwa sekunde, huku shinani mwendo ukikaribia sifuri. Ndege ikisonga mbele kwa mita 50 kwa sekunde, ncha inayokwenda mbele inakutana na hewa kwa mita 260, inayorudi nyuma kwa mita 160. Kani inategemea mraba wa mwendo, kwa hiyo pande mbili za rota hazifanani hata kidogo. Modeli inayochukulia rota kama feni moja isiyobadilika haitaonyesha hayo.

Mtihani wa modeli ni injini kuzima. Hapo rubani anashusha kolektivu haraka, na hewa inayopanda kutoka chini inaendelea kuizungusha rota mpaka atue. Mizunguko ikiwa bila nguvu ya injini inatakiwa ibaki kati ya asilimia 90 na 107. Asilimia 90 ni mizunguko 355 hivi kwa dakika. Chini ya hapo hali inakuwa mbaya kwa kasi, maana kadiri rota inavyopoa ndivyo inavyozidi kushindwa kubeba ndege. Kama uliweka inesha kubwa kuliko ya kweli, rota yako itapoa polepole, na mwanafunzi ataamini ana sekunde ambazo angani hana. Kosa hilo halionekani kwenye skrini, kwa macho kila kitu ni kizuri.

Macho na makalio

Rubani wa helikopta haangalii mbele tu. Anapotua anachungulia pembeni na chini kupitia kioo kilicho karibu na miguu, akisoma mwendo kwa jinsi majani na kokoto zinavyopita. Skrini moja mbele haitoshi. Weka projekta kadhaa kwenye ukuta wa mviringo, au miwani ya uhalisia pepe. Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, EASA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza simuleta inayotumia miwani hiyo, nayo ilikuwa ya helikopta, Robinson R22.

Adui mkubwa hapa ni ucheleweshaji. Piga hesabu: kusoma wenzo mara 100 kwa sekunde kunakula hadi milisekunde 10, modeli inayokokotoa mara 60 inakula 17, kuchora picha mbili 33, projekta tuseme 30. Jumla 90. Kwa simuleta za daraja la juu kanuni za Marekani zinataka usizidi 100. Picha ikichelewa zaidi ya hapo, rubani anasahihisha, haoni badiliko, anaongeza, kisha yote yanamjia kwa pamoja. Ndege inaanza kuyumba kama mlevi, na yeye anadhani kosa ni lake.

Mwili nao una haki yake. JetRanger ina bleidi 2, kwa hiyo kila mzunguko unaleta mitikisiko 2: 394 gawa kwa 60 mara 2, karibu 13 kwa sekunde. Funga mtikisaji chini ya kiti kwa kasi hiyo na rubani atasema mara moja kwamba hii ni helikopta. Jukwaa la miguu 6, lile tunalolisoma kwa jina la Stewart kutokana na andiko lake la 1965, linaweza kuongeza mwinamo na msukumo. Lakini mwendo uliokosewa ni mbaya kuliko kutokuwa na mwendo kabisa, kwa hiyo usiuharakishe.

Nani anasema imefaulu?

Siyo wewe. Mamlaka za anga zina madaraja, kuanzia vifaa vya kufundishia taratibu hadi simuleta kamili za daraja A mpaka D. Ili uidhinishwe unaandaa kitabu cha majaribio: kwa kila hali, unaweka rekodi ya ndege halisi kando ya rekodi ya simuleta yako, na tofauti iwe ndani ya mipaka. Kisha rubani anayeijua aina hiyo anairusha na kusema anachohisi. Bila cheti, saa za humo haziingii kwenye leseni. Bado inaweza kufundisha kuwasha injini, orodha za ukaguzi na mawasiliano ya redio, mradi ibandikwe wazi kwamba ni ya hayo tu. Kuiuza kama simuleta kamili ni kuweka maisha ya watu rehani.

Wanachuo wenzangu, kazi hii haina kitivo kimoja. Wa mekanika wachukue wenzo, wa umeme geji, wa kompyuta modeli na picha, wa sheria usajili, wa saikolojia wapime kama mwanafunzi kweli anajifunza. Wala hamhitaji ndege nzima kuanza. Tafuteni kolektivu moja na enkoda moja, na mwiteni rubani aishike.

Maswali ya kujadili

1. Rota ina bleidi 3 na inazunguka mara 400 kwa dakika. Mtikisaji wa kiti uwekwe kwenye kasi gani?
2. Bajeti yenu inatosha kitu kimoja tu: jukwaa la miguu 6, au projekta tatu za pembeni na chini. Mtanunua nini kwa mafunzo ya kutua, na kwa nini?
3. Mmegundua rota ya simuleta yenu inapoa polepole kuliko ya kweli, na wanafunzi 20 wameshafanya mazoezi humo. Mtawaambia nini, na mtawafundisha upya vipi?