Juisi ya Mboga Jioni: Vidokezo 9 vya Kulala Bila Safari za Uani

Muuza juisi wa mtaani kwetu ana ahadi moja kwa kila mteja wa jioni: "Kunywa hii, dada, utalala usingizi wa pono." Ahadi tamu, ila kuna jambo amelisahau. Pono ni samaki. Anaishi majini, kwa hiyo akibanwa usiku hahangaiki kutafuta kandambili, kuwasha tochi ya simu na kufungua komeo la mlango wa nyuma. Wewe na mimi tunahangaika.

Nilimwamini. Wiki nzima nilikunywa jagi la nusu lita la tango, karoti na bitiruti, saa nne usiku, dakika chache kabla ya kushusha chandarua. Nililala, ndiyo, ila kwa mafungu mafungu kama mgao wa umeme. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba juisi ya mboga si adui wa usingizi, wala si dawa yake. Usiku wako unaamuliwa na saa unayoinywa, kiasi unachomimina, na kile ambacho juisi hiyo imekizuia kisiingie tumboni.

1. Imalize kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili

Tango ni maji kwa takriban asilimia 95. Nyanya na saladi haziko mbali. Ukisaga mboga hizo umejitengenezea maji yenye rangi na ladha, na figo zitayashughulikia kama maji mengine. Zipe nafasi ya saa mbili hadi tatu. Anayelala saa nne awe ameshaosha glasi yake ifikapo saa moja na nusu, kisha aende msalani mara ya mwisho kabla ya kupanda kitandani. Mwezi wa Ramadhani, kunywa yako wakati wa kufuturu, usiiweke kiporo cha kusindikizia usingizi.

2. Pima kwa glasi, achana na jagi

Glasi moja ya mililita 200 hadi 250 inatosha. Kibofu cha mtu mzima hubeba kiasi cha mililita 400 hadi 500, na huanza kukukumbusha kabla hakijajaa. Sasa jumlisha: juisi nusu lita, kikombe cha chai, maji ya kumezea dawa. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Kama mchana hukunywa maji ya kutosha, usijaribu kulipa deni lote jioni. Anza kulipa asubuhi.

3. Usiigeuze kuwa dawa ya usingizi

Ni kweli kwamba mboga za majani zina magnesiamu, madini ambayo mwili huyatumia katika kazi za misuli na neva. Ni kweli pia kwamba nyanya ina melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Lakini kiasi kilichomo ni kidogo, na glasi moja haiwezi kufanya kazi ya kidonge.

Mara nyingi wanaosifu vyakula vya usingizi huwa wamesikia habari za matunda. Mwaka 2011, watafiti wa Taiwan waliwapa watu 24 wenye shida ya usingizi matunda mawili ya kiwi, saa moja kabla ya kulala, kwa wiki nne. Usingizi wao uliboreka. Habari njema, ila watu 24 ni wachache, hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo, na hakuna aliyepewa juisi ya karoti.

4. Jiulize imechukua nafasi ya nini

Hapa ndipo siri ilipo. Rafiki yako anayesema juisi imemponya kukosa usingizi, muulize zamani alikuwa anakunywa nini saa hiyo. Kama ni kahawa ya barazani au chai ya rangi, basi aliyemponya ni kahawa aliyoiacha. Kafeini hukaa: saa tano hivi baada ya kunywa, takriban nusu yake bado inazunguka mwilini. Kama ni chipsi mayai na soda saa tatu usiku, shukrani ziende kwa tumbo lililopumzika.

Ila usiifanye juisi kuwa chakula chote cha jioni. Ukilala na glasi ya tango tupu, njaa itakuamsha saa nane. Kula kidogo na mapema: ndizi za kuchemsha na kipande cha samaki, au viazi vitamu na maharage. Ongeza parachichi, mafuta yake husaidia mwili kufyonza ile rangi ya karoti unayoigeuza kuwa vitamini A.

5. Bitiruti iendee kwa adabu

Kiazi hiki chekundu kina nitrati nyingi. Bakteria wa mdomoni huzibadili, na mwisho wa safari mwili hupata gesi inayolegeza mishipa ya damu. Presha hushuka kidogo, hasa saa mbili hadi tatu baada ya kunywa. Kwa wengi hilo ni jambo zuri. Kwa anayemeza dawa za presha, ni sababu ya kumwuliza daktari kwanza na kuanza na kiasi kidogo. Akiamka usiku asikurupuke: aketi ukingoni mwa kitanda, miguu iguse sakafu, ndipo asimame. Kizunguzungu gizani kimewaangusha wengi.

Jambo la pili ni rangi. Bitiruti inaweza kuufanya mkojo uwe wa waridi au mwekundu, na kuuona mara ya kwanza saa tisa usiku kwa mwanga wa tochi ni mtihani. Tulia, kumbuka ulichokunywa. Lakini kama hukugusa bitiruti na rangi ni hiyo, nenda hospitali.

6. Tangawizi na ndimu zihamie asubuhi

"Nikuwekee na tangawizi, dada?" Jioni, jibu ni hapana, asante, hasa kama una kiungulia. Tangawizi, ndimu na nyanya huweza kuwasha koo la mtu wa namna hiyo, na akilala chali, asidi ya tumbo hupata njia rahisi ya kupanda. Kabichi mbichi na kitunguu navyo vina vurugu zao: gesi. Ukishakosea, inua upande wa kichwani wa kitanda na ulalie ubavu wa kushoto. Mkao huo huipunguzia asidi nafasi ya kupanda.

7. Mboga za sufuriani zibaki sufuriani

Si kila jani la kijani ni la blenda. Kisamvu kibichi kina kemikali zinazotoa sumu ya sianidi. Ndiyo maana bibi zetu walikitwanga kisha wakakichemsha muda mrefu. Usikisage kibichi, hata kama mtu mtandaoni amekisifu.

Mchicha na spinachi zina oksalati nyingi, kwa hiyo aliyewahi kuugua mawe ya figo azikwepe kwenye juisi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze ghafla kunywa majani mabichi kila siku, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupingana na dawa yake. Mgonjwa wa figo naye azungumze na daktari, maana juisi za mboga huwa na potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa.

8. Embe moja linatosha kuharibu shughuli

Wengi wetu tunaanza na mboga tatu, tunaonja, tunakunja uso, kisha tunatia embe, nanasi na vijiko viwili vya asali. Hapo umeshatengeneza kitindamlo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linaihesabu sukari ya asali na ya juisi za matunda pamoja na ile ya bakulini, na linashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama vijiko 6 vya chai kwa mtu mzima, ni bora zaidi.

Jaribu hii: nusu ya tango, karoti moja ndogo, majani mawili ya saladi, robo ya parachichi na maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa. Saga, usichuje. Makapi unayoyatupa ndiyo nyuzinyuzi, na ndizo zinazoifanya sukari iingie kwenye damu polepole. Na karoti zisizidi kipimo kila siku. Viganja na nyayo zikianza kuwa njano, umeshapitiliza. Haina madhara, ila majirani watauliza.

9. Osha, saga, kunywa, kisha hesabu

Hakuna kinachokatisha usingizi kama tumbo la kuendesha. Mboga mbichi hazipitii moto, kwa hiyo zioshe kwa maji safi yanayotiririka, osha na blenda pamoja na ule mpira wa chini ya visu, na uwe na mashaka na barafu usiyoijua ilikotoka. Kunywa papo hapo. Ikibidi kusubiri, weka kwenye friji na isipite siku moja. Na tafadhali, saga mapema: jirani wa chumba cha pili naye anataka kulala.

Kisha fanya hesabu kwa wiki moja. Andika saa uliyokunywa, kiasi, na mara ulizoamka. Wiki inayofuata iache kabisa, ulinganishe. Kama bila juisi bado unaamka mara mbili au zaidi kila usiku kwenda kukojoa, mboga hazina kosa. Ukiwa na kiu isiyoisha, pima sukari. Mwanaume wa makamo ambaye mkojo unatoka kwa shida aende akaangaliwe tezi dume. Na miguu ikivimba jioni, usikae na jambo hilo nyumbani.

Siku hizi napita kwa muuza juisi saa kumi na mbili jioni, nachukua glasi ndogo, haina tangawizi wala embe. Ananitania kwamba nimekuwa bahili. Bado ananiahidi usingizi wa pono, nami simbishii tena: kandambili zangu zinakaa mlangoni mpaka adhana ya alfajiri.